Naomba ushauri: nimekosana na ami kuhusu serikali kukopa wakati wa mdororo wa uchumi

Wanajamvi, habari za jioni. Niko Tanga, Ngamiani. Wiki nzima ami yangu ananiitikia salamu kwa shida, na chanzo ni mjadala wa barazani baada ya swala ya isha.

Ami anasema serikali ni kama nyumba: mapato yakipungua unabana matumizi, hukopi. Nikamtolea mfano wa Marekani. Februari 2009, uchumi wao ukiwa umedorora, Rais Obama alitia saini mpango wa kuinua uchumi wa dola bilioni 787, na katika Baraza la Wawakilishi hakuna hata Mrepublican mmoja aliyeupigia kura ya ndiyo. Hoja yangu: watu wote wakifunga mkono kwa wakati mmoja, muuza samaki atamuuzia nani? Lazima mmoja aendelee kununua, na mwenye ubavu huo ni serikali.

Akanirudi: mbona Oktoba mwaka huohuo ukosefu wa ajira kwao ulifika asilimia 10? Hapo nilikwama. Naamini bila mpango ule hali ingekuwa mbaya zaidi, lakini nitathibitishaje jambo ambalo halikutokea?

Akaongeza ya kwetu, shilingi trilioni 1.7 za kunusuru uchumi alizotangaza Rais Kikwete Juni 2009, akauliza mkata mkonge alipata nini. Swali la haki kabisa.

Mliosoma uchumi, wataalamu hupimaje ajira zilizookolewa? Na wakubwa zangu, nimwendee vipi ami asione nimekuja kushindana tena? Ndiye aliyenilea.