Siku moja Kraków: geto lilikuwa wapi hasa?

Msafiri_K: Habari wadau. Nitakuwa Kraków, Poland, Jumamosi moja tu, nataka kutembea kwa miguu nikifuata historia ya Wayahudi wa mji huo hadi Holokosti. Nianzie wapi, nijihadhari na nini?

Mpenda_Historia: Ukiweza, sogeza hadi Jumapili. Jumamosi ni Sabato. Sinagogi ya Remuh na makaburi yake hufungwa, na Ijumaa hufungwa mapema. Mwanamume hufunika kichwa. Kofia yoyote inafaa, hata baraghashia.

Kosa kubwa ni kudhani geto, yaani eneo Wanazi walimowafungia Wayahudi, lilikuwa mtaa wa Kazimierz. Hapo ndipo Wayahudi walipoishi karne nyingi. Machi 1941 Wanazi waliwafungia ng'ambo ya mto Vistula, Podgórze. Wengi hupiga picha barabara ya Szeroka, Kazimierz, wakaondoka, na geto hawakulikanyaga. Anza Szeroka, kisha vuka mto kwa daraja la waenda kwa miguu la Bernatka. Ukiwa Remuh, tazama ukuta wa ndani: umejengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwa. Utaona herufi za Kiebrania zilizokatika katikati ya jina la mtu.

Bi_Ramani: Naongezea. Ukishavuka, nenda uwanja wa Bohaterów Getta wenye viti 70 vya chuma, vitupu. Vinakumbusha fanicha zilizobaki zimezagaa hapo watu walipochukuliwa. Pembeni kuna duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz, Mpolandi asiye Myahudi aliyebaki na duka lake ndani ya geto. Uliza hapo kuhusu rangi ya nywele aliyowapa watu: wazee waliipaka waonekane vijana wa kufanya kazi, wasipelekwe kuuawa. Kisha mtaa wa Lwowska, kipande cha ukuta wa geto, juu kimepindwa mfano wa mawe ya makaburi ya Kiyahudi. Geto lilifutwa 13 na 14 Machi 1943.

Mpenda_Historia: Kiwanda cha Schindler, Mjerumani aliyeokoa wafanyakazi wake Wayahudi, kipo Lipowa 4; kata tiketi mapema, huwa zinaisha. Ujue maonyesho yanahusu mji mzima chini ya Wajerumani, Schindler ni sehemu tu.

Kambi ya mateso ya Wanazi ya Płaszów ilijengwa juu ya maeneo mawili ya makaburi ya Kiyahudi. Jirani yake, machimbo ya Liban, kuna mabaki ya seti (majengo ya kuigizia) ya filamu ya Spielberg ya 1993 kuhusu Schindler. Watu huyapiga picha wakidhani ni kambi yenyewe. Płaszów imebaki hasa nyasi, mabango na minara ya kumbukumbu, hivyo soma mabango polepole. Tenga saa mbili.