Nyanya zangu zinajisokota, naomba dawa ya asili (bajeti ndogo)

Roshani Yangu (mleta uzi)
Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kabla sijapandwa na presha.

Mwezi uliopita nimeanzisha bustani kwenye roshani ili kupunguza hela ya mboga. Nina nyanya, pilipili hoho, maharage kidogo na vitunguu. Vyote viko kwenye vyombo maana ardhi sina. Udongo nimechanganya mwenyewe: sehemu mbili udongo wa juu, moja mboji, na mchanga kidogo maji yasituame. Namwagilia asubuhi. Jua lipo la kutosha.

Shida ni nyanya. Majani ya chini hayana neno, lakini machanga ya kileleni yanatoka membamba, kingo zimejikunja kwa ndani, na mishipa imekaa sambamba badala ya kutawanyika. Shina linapinda na kujisokota. Vitunda viwili vitatu vilivyotoka vimedumaa. Za dukani sina uwezo nazo, na mwenzangu ameshaanza kunicheka. Dawa ya asili ni ipi?

Chumvi ya Mawe
Inzi weupe hao, mkuu. Tikisa mche, ukiona vidudu vyeupe vinaruka ujue wameshakuletea virusi vya kukunja majani. Virusi havina dawa. Ng'oa mgonjwa, utupe mbali. Miche iliyobaki ipulizie maji ya sabuni jioni, lenga upande wa chini wa jani, huko ndiko wanakojificha.

Jembe Halimtupi
Kila mtu siku hizi anataka kuvuna kabla hajachafuka mikono. Sisi tulifundishwa samadi ikae miezi ndipo iende shambani. Nyie mnaitoa bandani asubuhi, mchana mnapanda, jioni mnakuja kulia humu. Heshimu udongo, kijana.

Roshani Yangu
Mzee wangu, sijatumia samadi. Nimesema mboji.

Jembe Halimtupi
Ni yale yale.

Mama Pacha
Pole mdogo wangu. Nyanya ina madeko mno kwa anayeanza. Ungeanza na majani: saladi na spinachi, chombo chenye kina cha sentimita 20 kinatosha, unachuma majani ya nje na la kati linaendelea kutoa. Vitunguu majani ndiyo usiseme. Ule mwisho wenye mizizi unaoutupa jikoni, uchomeke kwenye udongo tu, unaota tena bila kununua mbegu.

Ila uwe na mipaka. Mwaka mmoja boga letu lilipanda ukuta likaenda kuzalia juu ya paa la jirani. Mume wangu anasema shina ni letu, jirani anasema paa ni lake. Mwisho tukalikata nusu kwa nusu, na salamu zetu mpaka leo ni za kuguna.

Fundi Bomba
Mama Pacha, hilo boga lifungulie uzi wake. Nataka kujua nani alipata upande wenye mbegu.

Mzee wa Mboji
Mleta uzi, nijibu matatu. Maharage yakoje? Vitunguu vikoje? Na hivyo vyombo vilikuwa vya nini?

Roshani Yangu
Maharage nayo yamekunja majani, sikutaka kurefusha maelezo. Vitunguu viko safi, vimenyooka. Vyombo ni madumu ya kawaida, nimekata juu na kutoboa chini.

Mzee wa Mboji
Madumu ya kawaida ya nini? Mafuta ya kula? Maji?

Roshani Yangu
Ya plastiki, mzee. Kitakoni yana pembetatu yenye namba 2. Nilisoma kuwa hiyo ni plastiki inayofaa kwa chakula. Tuje kwenye dawa jamani, kileleni kunazidi kuharibika.

Mzee wa Mboji
Namba 2 inakutajia aina ya plastiki. Haikwambii chombo kilibeba nini. Maziwa yanawekwa humo, sabuni ya maji inawekwa humo, na sumu inawekwa humo humo. Nakuuliza tena: yalikuwa ya nini?

Fundi Bomba
Mpe mzee jibu lake tukalale.

Chumvi ya Mawe
Mimi bado nasimama na inzi weupe.

Tetesi Zote
Wakuu, mnapoteza muda. Hii ni chai, tena imezidi sukari. Anasema ameanza mwezi uliopita, halafu nyanya tayari zina vitunda. Nyanya tangu mbegu hadi kutunga tunda ni karibu miezi miwili, na hapo umebahatika. Pia nimepekua nyuzi zake. Siku chache zilizopita alikuwa anauliza jinsi ya kupanga zamu za vibarua kwenye shamba kubwa. Leo hana ardhi, hana hela, ana roshani. Kesho atauza mafunzo ya kilimo cha madumu. Picha iko wapi?

Kiti cha Nyuma
Nilihisi. Huyu anatunga.

Mama Pacha
Jamani, na mimi nimemwagia siri za jikoni kwangu bure?

Roshani Yangu
Sipendi kuitwa mwongo. Shamba si langu, mimi ni msimamizi tu. Miche nilipewa huko ikiwa tayari na maua, ndiyo maana ina vitunda, sikusema popote kwamba nimesia mbegu. Na madumu nimeyatoa huko huko, yalikuwa yamerundikwa nyuma ya stoo. Yalikuwa ya dawa ya magugu. Mmeridhika?

Fundi Bomba
😳

Mzee wa Mboji
Asante. Sasa tunaweza kuongea.

Kama lebo bado ipo, angalia kiambato. Nina hakika kubwa ni 2,4-D au ndugu zake. Dawa za kundi hilo zinaigiza homoni ya ukuaji ya mmea. Mmea unapokea amri ya kukua bila mpangilio, ndiyo maana shina linajisokota na jani changa linatoka jembamba lenye mishipa iliyobanana. Zimetengenezwa kuua magugu ya majani mapana na kuacha nafaka, kwa hiyo jamii ya nyasi na vitunguu huzivumilia zaidi. Nyanya na maharage ni dhaifu mno mbele yake, chembe ndogo tu inatosha. Ndiyo sababu nilikuuliza vitunguu.

Chumvi ya Mawe hajakosea kwamba virusi hukunja majani ya nyanya. Lakini nyanya na maharage kuugua kwa namna moja, kwa wakati mmoja, kwenye madumu ya asili moja, hapo mimi simtafuti inzi.

Roshani Yangu
Nakuelewa mzee, ila sikuyachukua kipumbavu. Niliyasuuza mara tatu kama maelekezo ya kwenye lebo yanavyosema. Nikaongeza maji moto na sabuni, nikayaanika juani mpaka harufu ikaisha. Na shambani watu wanachotea maji humo, hakuna aliyeanguka. Isitoshe mengine nimeshayakata, yako tayari kwa spinachi. Chombo kipya cha ukubwa huo ni hela. Si naweza kubadilisha udongo tu nikaendelea?

Mzee wa Mboji
Suuza tatu za kwenye lebo zinafanywa hapo hapo dumu linapoisha, na maji yake yanarudi kwenye bomba la kupulizia yakamalizikie shambani. Dumu lililokaa nyuma ya stoo limeshakaukiwa na dawa ukutani. Plastiki yenyewe hunyonya kiasi, kisha hukiachia polepole kila unapomwagilia. Harufu kuisha hakuna maana yoyote.

Na hata ukisuuza vizuri, lengo lake ni dumu litupwe salama. Mwongozo wa FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kilimo na ya afya) kuhusu viuatilifu, yaani dawa za wadudu na magugu, uko wazi, chombo kitupu kisigeuzwe kazi nyingine. Ukishasuuza, litoboe ili lisimshawishi mtu, ulirudishe kwa wanaokusanya. Hao wanaochotea maji shambani, wewe ndiye msimamizi wao.

Jembe Halimtupi
Nilisema heshimu udongo.

Mama Pacha
Mdogo wangu, umekula chochote kutoka humo?

Roshani Yangu
Hoho mbili. Zilikuwa tamu.

Mama Pacha
Usiendelee. Hata vitunguu acha, kunyooka kwake si kibali cha kuvila. Na kama kuna mtu nyumbani anajisikia vibaya, nenda hospitali na jina la dawa, wasikubahatishe.

Kiti cha Nyuma
Mjomba wangu alikuwa anaweka asali kwenye dumu la mafuta ya taa. Alisema inatibu kifua.

Fundi Bomba
Ilitibu?

Kiti cha Nyuma
Hakuna aliyekohoa mbele yake tena.

Mzee wa Mboji
Turudi kwenye bajeti, maana ndiyo ilimponza. Nyanya moja inataka kama lita 20 za udongo, na chombo hakilazimiki kuwa kigumu. Mfuko wa nafaka uliokunjwa mdomo mara mbili unabeba vizuri na unapitisha maji wenyewe. Jikoni za mikahawa hutupa ndoo za mafuta ya kula na za achari, ziombe. Saladi na spinachi hata kreti iliyotandikwa gazeti nene inatosha.

Mbegu za nyanya toa kwenye tunda lililoiva sana: zikamue na maji yake kwenye glasi, ziache siku mbili tatu ule utelezi uoze, zioshe, zikaushe kivulini. Ila tunda likiwa chotara, watoto hawatamfanana mama.

Udongo wa kwenye madumu usiurudishe kwenye mboji. 2,4-D yenyewe huvunjwa na vijidudu vya udongo wenye joto na unyevu, mara nyingi ndani ya wiki chache. Lakini zipo jamaa zake zinazodumu miezi na miezi, na wewe lebo hujanisomea. Usiukisie, upime. Jaza vikombe viwili, kimoja udongo huo, kingine udongo usio na shaka. Panda maharage matatu matatu, maji sawa, jua sawa, usubiri majani ya kweli yafunguke. Ya kwenye udongo wa madumu yakijikunja na wenzake wakanyooka, umejibiwa. Yakinyooka, utumie kwa maua. Kipimo hicho hakikamati kila sumu, kwa hiyo kwenye chakula mimi nisingeurudisha.

Tetesi Zote
Mimi bado nasubiri picha.

Roshani Yangu
Picha hiyo hapo chini, vikombe viwili. Cha kushoto ni udongo wa madumu. Jani limekunjika kwa ndani na shina limeinama kando. Cha kulia limefunguka bapa. Tetesi, kunywa chai yako.

Nyanya nimeng'oa, moyo unauma. Nimepata mifuko minne ya nafaka na ndoo ya achari bado inanukia siki. Ila bado naona mmekuza mambo, dumu moja nimelibakiza kwa maua.

Tetesi Zote
Haya, nimekubali ni kweli. Shamba la nani?

Chumvi ya Mawe
Kwenye picha, nyuma ya kikombe cha kulia, hao si inzi weupe?

Mzee wa Mboji
Hilo vumbi, Chumvi. Mleta uzi, yale madumu mengine umeyapeleka wapi? Uliyatoboa?

Roshani Yangu
Uliyosema yatobolewe ni ya kutupa, mzee. Mimi sijatupa. Jirani wa chini kayapenda, nimempa ambayo sikuwa nimeyakata.

Mama Pacha
Anafanyia nini?

Roshani Yangu
Maji huwa yanakatika huku. Anahifadhia.

Mama Pacha
Shuka sasa hivi ukayachukue.

Roshani Yangu
Saa hizi watakuwa wamelala.

Mzee wa Mboji
Wagongee.

Roshani Yangu
Nimegonga. Wameamka wote. Anasema nimnunulie mengine kwanza.

Fundi Bomba
Mpelekee ile ndoo ya achari.