Kiini cha transfoma kwenye FEMM, 50 Hz: sigma niweke ngapi?

mwana_umeme: Wakuu habari za kazi. Nachora transfoma ya kuchomelea kwenye FEMM (programu ya kukokotoa sumaku), kiini ni vibati vya chuma chenye silikoni vya nusu milimita. Nikiweka sigma (upitishaji umeme wa chuma) 2 MS/m, yaani megasiemensi kwa mita, flaksi (mtiririko wa sumaku) yote inakimbilia pembeni, katikati patupu, na upotevu wa nguvu unatoka mkubwa ajabu, nikiweka sifuri flaksi inatulia ila upotevu haupo kabisa. Ipi ndo sahihi? Na mu (urahisi wa chuma kupitisha sumaku) niweke namba moja au kurva nzima ya B-H (msongamano wa flaksi B dhidi ya nguvu ya uga H)?

fundi_koili: Mkuu hiyo 2 ni sahihi kwa bati, shida ni kwamba programu inaona kiini chako ni pande zima la chuma. Piga hesabu ya kina cha kupenya (flaksi ya AC inaingia ndani ya chuma kiasi gani), mu 4000, sigma 2, 50 Hz, unapata kama milimita 0.8, sasa kiini cha milimita 50 flaksi itafikaje katikati? Ndo maana vinakatwa vibati vinapakwa vanishi. Ingia kwenye sifa za chuma, chagua kiini cha vibati vinavyolala sambamba na mchoro, unene 0.5, ujazo (sehemu ya kiini ambayo ni chuma chenyewe) 0.95 hivi, sigma iache hapohapo kwenye 2. Edi karenti (mikondo inayozunguka) za ndani ya kila bati itazikokotoa yenyewe. Na histeresisi (sumaku ya chuma kuchelewa nyuma ya uga) ipe pembe yake, ukiiacha sifuri wati zitatoka pungufu.

Bi Sumaku: Kurva weka nzima mwanangu, B ikifika 1.5 T (tesla) mu imeshashuka mbali sana na hiyo 4000. Ila angalia umeitoa wapi! Wewe unataka ya DC (iliyopimwa kwa mkondo usiopinduka-pinduka). Katalogi nyingine zinatoa iliyopimwa kwa 50 Hz, ile imeshabeba edi karenti za bati, ukiongeza na sigma umezihesabu mara mbili. Cheki na H kama ni RMS (thamani fanisi, kwa sine ni kilele kugawa kwa mzizi wa 2) au kilele, FEMM inataka kilele.

mwana_umeme: Asanteni sana, sasa inasomeka. Je nikitaka umbo la mkondo transfoma ikiwa haina mzigo?

fundi_koili: Kwa hesabu ya AC hupati, pale inahesabu sine moja tu ya 50 Hz, harmoniki ya tatu (wimbi la 150 Hz) haimo. Weka frikwensi 0, pandisha mkondo kidogokidogo, kila hatua andika flaksi inayopita kwenye koili. Flaksi ya sine unaijua kutokana na volteji, so kwa kila nukta ya wimbi unasoma mkondo wake kwenye hiyo jedwali. Histeresisi haitakuwemo lakini ile ncha kali ya mkondo utaiona.