Naomba ushauri: Nissan Leaf iliyotumika itanifikisha Posta na kunirudisha Kibaha?

MwalimuMailiMoja

Wakuu, habari za majukumu. Ninaishi Kibaha, Maili Moja, na chuo ninachofundisha kipo Posta, kwa hiyo kila siku ya kazi ninatembea kilomita zisizopungua 80 kwenda na kurudi, bila kuhesabu kupitia sokoni wala kuwafuata watoto. Toyota IST niliyonayo inakula lita sita na ushee za petroli kwa siku, na tukiikadiria lita kwa shilingi 2,900, hizo ni takriban shilingi 18,000 kila uchao.

Kuna yadi moja maeneo ya Tegeta inauza Nissan Leaf ya mwaka 2013 yenye betri ya kilowati saa 24. Tangazo linasema inakwenda kilomita 228 kwa chaji moja, na kwenye dashibodi nimeona vijiti vyote 12 vya afya ya betri vimejaa. Bei yake nimeimudu. Mambo matatu yananikwaza. Kwanza, je, kilomita hizo ni za kweli kwa joto la Dar es Salaam na foleni ya Kimara? Pili, nikichajia nyumbani, LUKU itanigharimu kiasi gani, ikizingatiwa kwamba kwa sasa nipo kwenye daraja la wenye matumizi madogo? Tatu, na hili msinicheke, mke wangu ameliona gari akasema lina macho ya chura na hatapanda kwenda nalo harusini. Naomba kuwasilisha.

FundiNyaya

Mwalimu, hizo 228 ni kipimo cha Kijapani, kinachofanywa ndani ya maabara kwa mwendo wa taratibu ambao hakuna dereva wa Morogoro Road anayeujua. Kipimo cha Marekani, ambacho kinakaribia zaidi maisha ya barabarani, kiliipa Leaf ya 2013 kilomita 121 ikiwa mpya. Sasa jiulize gari la miaka yote hiyo limebakiwa na kiasi gani. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji wala kwa feni, ambao magari mengi ya umeme huwa nao, inategemea hewa inayopita tu, na ndiyo maana mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, kule kwenye joto kali, walikuwa wa kwanza kulalamika kwamba uwezo wake unapungua haraka. Joto la Dar si la Arizona, lakini na sisi hatuna majira ya baridi ya kuipumzisha.

Kijiti cha kwanza hupotea betri ikiwa imeshapungua takriban asilimia 15, kisha kila kimoja kinachofuata ni zaidi kidogo ya asilimia 6. Leaf ya 2013 yenye vijiti vyote 12 ingekuwa ya ajabu sana, na mimi kitu cha ajabu kwenye yadi ya magari hunitia mashaka.

Kuhusu foleni, usiiogope. Gari la umeme likisimama halichomi kitu ila kiyoyozi na taa, na kiyoyozi chenyewe kwa saa mbili hakimalizi zaidi ya kilowati saa mbili hivi. Kinachokula betri ni mwendo wa kasi, hasa ukishaona barabara imefunguka baada ya Kibamba.

MpitaNjia_Tabata

Naunga mkono mashaka ya Fundi, kwa sababu yamenikuta. Niliuziwa gari la aina hiyo hiyo likiwa na vijiti 12, nikafurahi kama mtoto siku ya Idi. Baada ya wiki chache kikaanguka kimoja, kikafuata kingine, hadi vikabaki tisa. Fundi aliyelikagua alinieleza kwamba kuna mashine inayoweza kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, nayo kompyuta ikajiona ina betri mpya mpaka itakapojifunza upya kwa kuchajiwa na kutumika. Aliyeniuzia aliniambia gari likitoka yadi limetoka. Hata programu ya LeafSpy, ambayo watu huiunganisha na simu kupitia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, itakusomea uongo ule ule, kwa kuwa inasoma kilichoandikwa na kompyuta hiyo hiyo. Lijaze chaji, liendeshe kilomita 30, kisha utazame asilimia iliyobaki. Muuzaji akikataa, na wewe umeshapata jibu.

BintiPwani

Mwalimu, mwambie shemeji kwamba macho hayo yana kazi. Wabunifu wa Nissan waliyachomoza namna ile ili yaupasue upepo na kuupeleka mbali na vioo vya pembeni, kwa sababu kwenye gari lisilo na muungurumo wa injini husikika kelele ndogo ndogo ambazo kwenye IST hamzisikii. Hata hivyo sitamlaumu. Leaf ya toleo la pili, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, ina sura ya kawaida kabisa, na betri yake ni kilowati saa 40. Kwa nini usiitazame hiyo, au hata BYD Seagull ya Kichina iliyotoka 2023?

FundiNyaya

Dada BintiPwani, Seagull ni gari zuri na betri yake ni ya chuma na fosfeti, inayostahimili joto na kujazwa hadi asilimia 100 kila siku. Ila zile kilomita 305 na 405 za kwenye matangazo ni kipimo cha China, nacho ni kikarimu kama cha Wajapani, na zinazouzwa China kwenyewe zina usukani wa kushoto. Leaf ya kilowati saa 40 kwa kipimo cha Marekani ilikwenda kilomita 243. Hata ikibakiwa na asilimia 80, Mwalimu anafika Posta, anarudi, na bado anaweza kwenda Mlandizi kumjulia hali mgonjwa.

Tena azingatie umri. Ukiagiza gari lenye miaka minane hadi kumi, TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi miaka kumi ni asilimia 30. Apitie kikokotoo chao cha mtandaoni kabla ya kutuma hata senti.

Suala la LUKU ni jepesi. Kilomita 80 zitahitaji kama yuniti 14 (yuniti moja ni kilowati saa moja), ukijumlisha na zinazopotea wakati wa kuchaji. Zaidi ya yuniti 75 kwa mwezi utahamishwa daraja, kwa hiyo hesabu kwa bei ya kawaida, ambayo pamoja na kodi ni takriban shilingi 356 kwa yuniti. Hiyo ni kama shilingi 5,000 kwa siku. Lakini na umeme wa taa na friji utaulipia kwa bei hiyo hiyo mpya, jambo ambalo wengi hulisahau. Usichajie kwenye soketi ya sebuleni. Vuta waya wake wenyewe kutoka kwenye meinswichi, wa milimita 4 za mraba, na uhakikishe eathi, yaani waya wa ardhini, ipo kweli na si ya kuchorwa ukutani.

MwalimuMailiMoja

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Jumamosi nilikwenda yadi nikiwa na kaka yangu, tukalikuta gari limechajiwa hadi asilimia 100, tukashika njia ya Bagamoyo kwa mwendo wa 80 huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Tulipofikisha kilomita 30 kwenye mita, chaji ilikuwa asilimia 62, wakati vijiti 12 vimesimama wima vilevile. Kwa hesabu hiyo, chaji nzima ni kilomita 79. Lingeniishia nikiwa ninaiona nyumba yangu. Kijana wa yadi alisema ni kwa sababu ya upepo wa baharini.

Nimeachana nalo. Nimeanza kufuatilia ya mwaka 2018 yenye kilowati saa 40, na picha zake mama watoto amezipitisha bila maswali. FundiNyaya, nyumba ni ya kupanga na meinswichi ipo upande wa mwenye nyumba. Je, kuanzia hapo hadi ninapoegesha, mita 25 hivi, huo waya wa milimita 4 bado unatosha?

FundiNyaya

Ukichajia kwa ampea 10 unatosha. Ukitaka kufika 16, weka wa milimita 6, na waya huo ufungie mita yake ndogo ili mwenye nyumba asije akakudai bili ya friji lake.