Kitabu kimoja cha pwani, historia au viumbe?

Nahodha Mkavu: Wakuu, natembeza wageni Kilwa Kisiwani. Magofu ya Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa najimudu. Shida maji yakipwa: mgeni anaokota kitu, "hiki nini?", nami kila chenye mgongo laini naita jongoo bahari. Hela ninayo ya kitabu kimoja tu.

Binti Mrima: Chukua mkusanyo wa nyaraka wa Freeman-Grenville, 1962. Msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa 1331 yumo, na Wareno walioipora 1505 wamo, wanasimulia wenyewe. Ni Kiingereza, lakini vipande vifupi. Unamaliza kimoja ukingojea wageni wamalize chai.

Mzee wa Ngalawa: Chittick je? Ndiye aliyechimba hapo. Juzuu mbili, 1974: ukuta upi ulitangulia, vigae, sarafu, kila kitu.

Binti Mrima: Shikamoo mzee. Hicho cha wachimbaji. Atakibeba na punda?

Mzee wa Ngalawa: Marahaba. Kweli, hata mimi nilikisomea maktaba, nikatoka na kizunguzungu.

Mvita Damu: Mbona hamtaji *Desturi za Wasuaheli*? Kiswahili kitupu, tena kitamu. Velten alikichapa Ujerumani 1903, lakini kalamu kubwa ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ila ni mambo ya Mrima, harusi na ngoma, kaa hutamwona.

Kombe Tupu: Kaa yumo kwenye mwongozo wa fukwe uliohaririwa na Richmond. Michoro tele: konokono, mwani, mikoko. Changu kimevimba kwa maji ya chumvi na kurasa zinachomoka, bado nakibeba.

Nahodha Mkavu: Na magofu?

Kombe Tupu: Magofu yenyewe ni viumbe, ndugu yangu. Tumbawe likitoka baharini bichi linachongeka kirahisi, likikauka ni jiwe. Ndiyo nakshi za mihrabu hizo. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Na mgeni akiuliza mbona vyumba vyembamba vile, mwonyeshe mkoko: chumba kiliishia pale boriti yake ilipoishia.

Mzee wa Ngalawa: Hapo umesema. Miaka yote napita pale sikuwahi kuupima ukuta kwa boriti.

Nahodha Mkavu: Basi nanunua Richmond. Dada Binti, niazime Ibn Battuta wako wiki mbili.

Binti Mrima: Nakuazima. Ila kisipande dau, nimesikia yaliyokipata cha Kombe.