Sabuni zinauzika, lakini fedha hazionekani

Mleta mada: Habari zenu ndugu. Natengeneza sabuni za vipande nyumbani kwa mafuta na kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Wateja ninao, ila kila ninapotaka kununua malighafi nakuta mfuko mtupu. Bei naipanga kwa kujumlisha mafuta, kostiki na manukato, kisha naongeza asilimia 25, kwa hiyo robo ya mauzo ingepaswa kuwa faida. Nipandishe bei, au nichukue mkopo?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu yangu, hiyo robo haipo. Kilichokugharimu 100 unakiuza 125, na 25 ndani ya 125 ni asilimia 20. Mteja akibembeleza ukampunguzia asilimia 10, unapokea 112.5, yaani nusu ya faida imekwenda kwa neno moja la "nipunguzie". Na bado hujahesabu nishati, vifungashio, vipande vinavyovunjika wakati wa kukata, wala ujira wako, ambao wengi wetu huuita faida hadi siku tunapougua na kulazimika kumlipa mtu atufanyie kazi hiyo hiyo.

Mchangiaji wa pili: Naafiki, lakini hata bei ikiwa sahihi fedha zinaweza kukosekana. Sabuni isiyopikwa huachwa ikomae wiki 4 hadi 6, na muda wote huo mtaji wako umelala rafuni. Badala ya kutengeneza mkupuo mmoja mkubwa, tengeneza kidogo kila wiki, ili baada ya mzunguko wa kwanza usikose sabuni iliyo tayari kuuzwa. Mwenye oda maalumu atoe malipo ya awali yanayotosha kununua malighafi. Mkopo ambao marejesho yake yanaanza kabla sabuni haijakomaa sikushauri kabisa, kwa sababu utalipa deni kwa deni.

Mleta mada: Ahsanteni. Nifafanue kwamba mauzo huingia kwenye akaunti ile ile ya matumizi ya nyumbani, na ndugu na majirani huchukua kwa ahadi ya kulipa baadaye.

Mchangiaji wa tatu: Basi hapo ndipo panapovuja. Fungua akaunti ya biashara, ujilipe kiasi kisichobadilika kila mwezi, na kinachozidi kibaki kununulia malighafi. Hata kipande unachotoa kwa ajili ya bafu lako kiandikwe daftarini, pamoja na jina la kila anayedaiwa na tarehe aliyoahidi kulipa. Nje ya hesabu kidogo, kwa kuwa unafanyia kazi nyumbani: kostiki humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka. Sufuria ya alumini usiitumie, kwani huliwa na kostiki na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Glovu na miwani ya kukinga macho viingie kwenye gharama kama mafuta yanavyoingia.

Mleta mada: Na nikipandisha bei, wenye oda tayari niwaambie nini?

Mchangiaji wa kwanza: Hao wahudumie kwa bei mliyokubaliana. Bei mpya ianze na mkupuo unaofuata, na uitangaze kabla sabuni hazijatoka rafuni.