Mjadala: Je, meli za mishipi mirefu zilazimishwe kuacha waya ili kuokoa papa wa bahari kuu?

Msomi wa Pwani
Tangu mwaka 2010, Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC) imezikataza meli kubaki na papa wa mkia mrefu wa aina yoyote. Naliunga mkono katazo hilo, lakini halitoshi, kwa sababu papa huyu hupumua kwa kuogelea, na akishanaswa kwa saa nyingi, mara nyingi huvutwa juu akiwa amekwisha kufa. Baharia anayemrudisha majini ametii sheria wala hajaokoa kitu. Napendekeza Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu ya Tanzania izipe leseni meli za mishipi mirefu, yenye ndoana nyingi, kwa sharti kwamba kipande kinachoshika ndoana kiwe cha nailoni badala ya waya, ili papa aweze kukikata kwa meno na kwenda zake. Wavuvi wetu wa jarife, yaani nyavu kubwa za kunasa papa, nao wajitazame.

Binti Kojani
Sentensi yako ya mwisho imeniuma. Papa wa baba yangu aliliwa hapa hapa kisiwani: nyama ilipasuliwa, ikatiwa chumvi, ikaanikwa ikawa ng'onda, na hakuna kilichotupwa. Unampimaje kwa mizani moja na meli inayotandaza mshipi wa zaidi ya kilomita 50? Hata azimio la IOTC la mwaka 2013 kuhusu papa wa mapezi meupe liliwatoa wavuvi wadogo wanaovua katika maji ya nchi yao kwa chakula cha wenyeji.

Baharia Mstaafu
Nimefanya kazi kwenye meli hizo. Papa wa mkia mrefu huwapiga samaki kwa mkia ili wazubae, naye hukipiga chambo vivyo hivyo, kwa hiyo mara nyingi ndoana humnasa mkiani, mbali kabisa na meno. Nailoni itawafaa papa bluu na wengine wanaomeza chambo. Huyu haitamfaa kitu. Tena nani atalikagua sharti hilo, ikiwa kiwango cha chini cha watazamaji, wale wanaopanda melini kuandika kinachovuliwa, kwa meli za mita 24 na zaidi ni asilimia 5 tu ya mara zinazotega?

Msomi wa Pwani
Dada, sikumtaja baba yako. Nimesema jarife halichagui: hunasa kasa, hunasa pomboo, na papa wachanga ambao hawajapata kuzaa hata mara moja. Kuwa maskini hakumzuii papa kwisha.

Binti Kojani
Na mimi sikukuomba umhurumie maskini. Papa wa jarife hushushwa mchana, mbele ya mnada, na kila mtu humwona. Wanaotupwa kutoka kwenye meli usiku huhesabiwa na nani? Anza na wasioonekana, kisha uje kijijini kwetu tuzungumze juu ya matundu ya nyavu.

Baharia Mstaafu
Mmeniachia suala la mkia peke yangu. Papa akinaswa mkiani, kinachobaki ni muda: mshipi ukikaa majini saa chache kuliko sasa, huenda akafika juu akiwa hai, na hapo mtu akaukata uzi karibu na ndoana bila kumpandisha sitahani. Leseni hiyo hiyo anayoitaja Msomi inaweza kuweka kikomo cha saa, na muda wa kutega na kuvuta tayari huandikwa katika daftari la nahodha.